Mtaala Unamwelekeza Mtoto Wapi?

Mwaka 2013 mbunge James Mbatia aliibana serikali bungeni Dodoma ionyeshe mtaala uliko. Ubishi ukawa wa kutafuta kitabu: kipo au hakipo? Hata leo, mwombe mwalimu mtaala, atakupa muhtasari wa somo lake. Simlaumu, ndio anaoushika kila asubuhi.

Ngara, wilaya iliyo mpakani na Rwanda na Burundi, walishauona mtaala kwa sura nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakatua kambi ya Benaco. Shule zilipofunguliwa kambini zilifuata masomo ya Rwanda, si ya Tanzania. Baadaye watoto wa Kirundi kambini Lukole nao wakasoma ya Burundi, pamoja na Kifaransa chake. Sababu ilisemwa waziwazi: mtoto asome ya kwao, maana atarudi kwao. Hapo mtaala ulikuwa njia ya kurudi nyumbani.

Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere, 1967, ilikuwa imebashiri kinyume chake: mtoto wa Ngara au Biharamulo atabaki kijijini, kwa hiyo shule nayo iwe na shamba. Wazo zuri, ila jembe hilohilo tulipewa kama adhabu ya kuchelewa, na nani atapenda kilimo alichofundishwa kwa adhabu?

Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni ndugu wa karibu mno. Watoto wawili, mmoja wa kijijini na mmoja wa kambini, wangeweza kuteta kisimani bila mkalimani. Darasani mmoja aliandika Kiswahili, mwenzake Kifaransa. Hawakutenganishwa na lugha za mama zao. Walitenganishwa na makisio ya wakubwa kuhusu wataishi wapi.

Ndiyo maana naona swali la bungeni lilikuwa nusu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza amali, yaani ujuzi wa kazi, na kitabu chake kipo. Mzazi wa Lusahunga, anayeona malori ya Rwanda na Burundi yakipita usiku na mchana, ana haki ya kuuliza: amali hiyo ni ya kumweka mwanangu hapa, au ya kumpandisha lori?

Hata makisio ya kurudi nyumbani hayakuwa na uhakika. Wanyarwanda wa Benaco walirudishwa kwao Desemba 1996. Mwaka 2008 serikali yao ikaamua shule zifundishe kwa Kiingereza, si kwa Kifaransa.