Datsun ya babu: ni gari la kale au ni bovu tu?

Najua nimepotea karibu wiki tatu. Nilikuwa Arusha kwa bibi, na huko nimekutana na kesi ambayo imenifuata mpaka huku Mlimani. Nimeona niiandike kabla UE hazijanibana, maana kichwa kimejaa.

Kesi yenyewe ni hii. Nyuma ya nyumba ya bibi, chini ya mparachichi, kuna Datsun 240Z. Ukiiona leo utasema ni banda la kuku, na kweli kuku wanataga humo. Lakini lile ni gari la spoti, jamani: milango miwili, viti viwili, pua ndefu. Babu alilinunua kwa mtu mwishoni mwa miaka ya 70, akaliendesha mpaka 1998 lilipogoma. Akalisukuma chini ya mti akisema atalitengeneza. Babu alifariki 2009, gari bado liko pale pale.

Sasa walipita vijana wa vyuma chakavu, wakamwambia bibi watampa laki sita taslimu. Baba mdogo akasema uza mara moja: bati la jikoni linavuja, na binamu yangu anadaiwa ada ya chuo cha uuguzi. Shangazi akasema hiyo ni mali ya marehemu, haiuzwi kwa kilo. Binamu mwingine akachomoa simu, akatuonyesha kwamba Januari 2020 huko Marekani 240Z moja iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Kelele zikaanza! Kila mtu akaanza kujenga nyumba kichwani.

Bibi aliyekaa kimya muda wote akanigeukia: "Mjukuu wangu, wewe si ndiyo unasomea mambo ya zamani? Hebu niambie, hili ni gari la kale au ni bovu tu?"

Wadau, sikuwa na jibu. Miaka mitatu ya kukaa Nkrumah nikisikiliza mihadhara ya historia, bibi kanikamata kwa swali moja. Nikamwomba siku chache. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tuanze na gari lenyewe. Nissan walilitoa Japan Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Aliyekuwa mkuu wao kule Marekani, Yutaka Katayama, hakulitaka jina hilo, hivyo huko likauzwa kama Datsun 240Z. Hiyo 240 ni injini ya lita 2.4, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili. Mwaka 1970 bei yake Marekani ilikuwa dola 3,526, wakati ukitaka Porsche 911 au Jaguar E-Type ulipaswa kujipapasa mfuko zaidi. Katayama alifariki 2015 akiwa na miaka 105, na wapenzi wa gari hili mpaka leo wanamtaja kama baba yao.

Kwetu huku sifa yake ilitoka kwingine: Safari Rally. Mashindano haya yalianza 1953, enzi za mkoloni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na ya pili ilikuwa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akachukua ushindi na 240Z akiwa na Lofty Drews. Huyu Mehta ni mzaliwa wa Uganda, familia yake ilifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine. Mwaka mmoja baada ya kupoteza kwao, anashinda Safari! Na alishinda kwa tundu la sindano: alilingana pointi na Harry Källström wa Datsun nyingine, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Bibi anasema babu alikuwa akisikiliza redioni hata chai inapoa. Ndiyo maana alipopata nafasi ya kununua hakufikiri mara mbili.

Kwa hiyo ni gari la kale? Ndiyo, historia ipo. Lakini hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu historia ya aina ya gari siyo historia ya hili la kwetu. La kwetu halikushinda chochote, lilikuwa linapeleka watu sokoni na kanisani.

Nikaendelea kuchimba: je, wapo waliowahi kulitengeneza gari zee na likalipa? Nikapata mifano mitatu.

Wa kwanza ni Joginder Singh, yule Kalasinga wa Kenya. Mwaka 1965 alishinda Safari na mdogo wake Jaswant katika Volvo PV544. Lile Volvo halikuwa jipya. Lilikuwa limeshatumika na timu ya Volvo kwenye Safari ya 1964, likachakaa. Hao ndugu wakalichukua mtumba, wakaliandaa wenyewe, wakawapita wenye magari mapya. Sasa mtu wa haraka atasema: unaona, gari zee linalipa! Subiri kwanza. Joginder alikuwa fundi, amekulia kwenye gereji ya baba yake. Hakumlipa mtu kulifungua.

Wa pili ni Nissan wenyewe. Mwaka 1996 waliacha kuuza magari ya Z huko Marekani, na ili jina lisife wakaja na mpango ulioitwa Vintage Z: wananunua 240Z kuukuu, wanazipeleka kwa mafundi bingwa zinafumuliwa zote, kisha zinauzwa upya kwa dola karibu 25,000. Yaani mwenye kiwanda, mwenye michoro, mwenye spea! Matokeo? Magari yaliyotoka hayakufika hata 50, mpango ukafungwa. Kulivua gari mpaka mifupa na kulirudisha ni kazi ya mamia ya saa, na kila saa ya fundi kule ina bei yake. Kama mwenye kiwanda alishindwa, mimi na bumu langu je?

Wa tatu ni lile gari la Herrmann la 1971, jekundu lenye boneti nyeusi. Lilirudi Japan, likakaa ghalani miaka mingi, na mwaka 2013 likarejeshwa barabarani. Waliolirejesha ni klabu ya wafanyakazi wa Nissan, watu wanaofanya kazi hiyo nje ya saa zao za kawaida kwa mapenzi tu.

Mmeona? Gari la Joginder lilifufuka, la Herrmann likafufuka, mradi wa kibiashara ukafa. Spea tu haiwezi kuwa sababu, wala sifa ya gari. Tofauti ni mikono. Palipokuwa na watu wanaojua kazi na hawadai malipo ya saa, ukarabati uliwezekana. Palipokodiwa kila mkono, hesabu ilikataa. Mimi hilo ndilo nimelipata kwenye utafiti wangu huu mdogo.

Na zile dola 310,000 za binamu? Nazo nimezisoma vizuri. Gari lile lilikuwa limetembea kidogo sana na limehifadhiwa karibu kama lilivyotoka kiwandani. Mnunuzi alilipia kutoguswa. La kwetu limeguswa na mvua za masika ishirini na kitu, pamoja na kuku.

Basi Jumamosi nikamleta fundi mmoja wa Unga Limited alitazame. Mzee wa watu, hakuangalia rangi wala taa. Akalala chini na tochi na bisibisi, akawa anagonga. Akanieleza kitu ambacho sikukijua: 240Z siyo kama Land Rover, ambayo bodi imekaa juu ya chesi yake na unaweza kuinyanyua. Hapa bodi ndiyo mifupa. Kutu ikila sakafu, ikila chini ya betri na zile mbavu mbili zinazopita chini ya viti, gari linapinda hata kama injini ni nzima. "Injini siyo shida," akasema, "injini za familia hii ziliwekwa mpaka kwenye Nissan Patrol. Shida ya gari hili ni mifupa."

Sakafu upande wa dereva bisibisi ilipita mpaka chini. Chini ya betri pameoza. Mbavu ya kushoto nzima, ya kulia ina kidonda cha kama shibiri moja. Hesabu yake ya kuchomelea na kunyoosha bodi tu, bila injini wala rangi, ilikuwa milioni nane. Nikamtazama bibi, bibi akatazama bati la jikoni.

Nikadhani kesi imekwisha. Uza, tumalize.

Lakini kikatokea kitu. Fundi alitoa plagi zote sita, akamimina mafuta kidogo kwenye kila tundu, akatuambia tungoje. Baada ya kama saa mbili akatia spana kwenye puli ya mbele, akavuta. Haikutikisika. Baba mdogo, ambaye muda wote amekaa kwenye ndoo akisema tunapoteza muda, akainuka. "Siyo hivyo bwana, lete hapa." Akavuta taratibu, akarudisha, akavuta tena. Injini ikazunguka.

Akasimama pale mikono imejaa grisi, hasemi kitu. Ndipo shangazi akaninong'oneza kwamba mara ya mwisho injini ile kufunguliwa, 1998, aliyekuwa anamshikia babu taa ni yeye baba mdogo. Kumbe yule tuliyedhani halitaki gari ndiye pekee anayelijua. Na anajua kuchomelea, ndiyo kazi yake, anatengeneza mageti!

Jioni bibi akauliza tena swali lake. Nikamjibu hivi: bibi, likitengenezwa kwa fedha za kukodi fundi, ni bovu tu. Usiuze hata mbuzi mmoja kwa ajili yake. Likitengenezwa kwa mikono ya hapa nyumbani, polepole, linaweza kuwa gari. Ila kwanza lazima kutu isimame, maana kila masika ikipita tunapoteza mfupa mwingine na hapo hatutakuwa na cha kuamua.

Tulichokubaliana ni hiki. Gari limenyanyuliwa juu ya matofali, limeondolewa chini ya mti, limeezekwa turubai. Kuku wamehamishwa (hawajafurahi). Ada ya binamu na bati vinatafutiwa njia nyingine, shangazi na baba wamechangia, na mimi nimetoa kidogo kwenye bumu, kwa hiyo msinione nakula wali maharage kila siku mkashangaa. Baba mdogo amepewa mpaka Krismasi kuchomelea ile mbavu ya kulia na sakafu. Akiweza, tunaendelea na breki. Akishindwa, tunaliuza, lakini tunaliuza kama gari, kwa mtu mwenye mikono yake, siyo kwa kilo.

Sijui kama nilimshauri vizuri. Laki sita ni fedha, na zile za vyuma chakavu zilikuwa taslimu mkononi. Jana baba mdogo amenipigia, hakuniuliza masomo wala afya. Ameniuliza kama huku Gerezani naweza kumpatia gasketi ya kabureta.

Kesho naenda kuulizia. Wenye kujua duka, nishtueni. Tukutane baada ya UE, Mungu akipenda.