Breki za trekta na tela

Breki za trekta na tela ni vifaa vinavyopunguza mwendo wa trekta na tela lililofungwa nyuma yake, vinavyosimamisha vyote viwili, na kuvizuia visiondoke vinapoegeshwa. Zinatofautiana na breki za gari kwa mambo mawili. Matrekta mengi yanayofanya kazi Afrika Mashariki hufunga breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Tena breki hizo zimegawanywa: pedali moja hushika gurudumu la kushoto na nyingine la kulia.

Mpangilio huo unafaa shambani, ambako trekta linalima kwa mwendo wa kilomita 5 hadi 10 kwa saa na jembe lenyewe linatosha kulisimamisha. Barabarani mambo ni mengine. Katika maeneo ya miwa ya magharibi mwa Kenya, na ya Kilombero, Mtibwa na Kagera nchini Tanzania, trekta la kusombea miwa linaweza kumaliza msimu mzima bila kugusa jembe, likienda na kurudi kati ya shamba na kiwanda. Wakulima wa mahindi na ngano huko Uasin Gishu na Trans Nzoia nao huyategemea matrekta kusafirisha mavuno. Mnunuzi wa trekta huuliza kwanza nguvu za farasi, kisha bei ya vipuri. Swali la namna litakavyosimama likiwa na mzigo husahaulika, ingawa trekta lolote linaweza kuvuta uzito mkubwa kuliko ule linaoweza kuusimamisha.

## Uzito na umbali wa kusimama

Chukua trekta la tani 3 linalovuta tela lisilo na breki, tela hilo likiwa na tani 8 pamoja na shehena. Jumla ni tani 11. Sehemu ya mzigo wa tela, tuseme tani 1, hukalia ndoano ya trekta, na magurudumu ya nyuma ya trekta yanabeba jumla ya tani 3 hivi. Kwa kuwa magurudumu hayo mawili ndiyo pekee yenye breki, nguvu yote ya kuzuia tani 11 inatoka kwenye msuguano wa tani 3 na barabara.

Kwenye murramu kavu, msuguano ukikadiriwa kuwa nusu ya uzito, nguvu ya breki inafika kilonyutoni 14.7. Dereva anayekwenda kilomita 25 kwa saa kwenye tambarare atasimama mita 18 baada ya breki kushika. Huo ni umbali wa kuvumilika. Sasa mpeleke kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10. Mzigo wenyewe unasukuma kwa kilonyutoni 10.7, nguvu inayobaki ya kusimamisha ni kilonyutoni 4 tu, na umbali unakuwa mita 66. Mvua ikinyesha, msuguano ukashuka hadi 0.3, breki zitatoa kilonyutoni 8.8 huku mteremko ukiendelea kusukuma kwa 10.7. Hapo hakuna kusimama. Magurudumu yatafungwa, yatateleza, na mwendo utaongezeka badala ya kupungua. Taarifa za ajali hupenda kusema breki zilifeli, lakini katika mfano huu hakuna kilichofeli: hata breki zilizofungwa upya asubuhi ile zisingefanya zaidi.

Weka breki zinazofanya kazi kwenye magurudumu ya tela, yanayobeba tani 7, na hesabu inageuka. Kwenye mteremko uleule wa matope, kwa mwendo uleule, msafara unasimama ndani ya mita 14. Kabla ya umbali wowote kati ya hiyo, ongeza mita 7 zinazokwisha katika sekunde moja ya dereva kushtuka na kukanyaga. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama huongezeka mara nne, kwa hiyo trekta jipya la kilomita 40 kwa saa lililofungwa tela la enzi za kilomita 20 ni hatari hata likiwa linang'aa.

Kuna tatizo jingine la tela lisilo na breki. Dereva akifunga breki za trekta, tela huendelea mbele na kuisukuma ndoano. Kama msafara umenyooka, dereva huhisi kusukumwa mgongoni. Kama yuko kwenye kona, sehemu ya nyuma ya trekta husukumwa upande, trekta likakaa ubavu mbele ya mzigo wake lenyewe.

## Pedali mbili

Kugawanywa kwa breki ni msaada mkubwa mwishoni mwa shamba. Dereva anakanyaga pedali ya upande anaogeukia, gurudumu la ndani linashikwa, na trekta linazunguka mahali padogo. Barabarani kitendo hichohicho kinaweza kuliangusha, kwa sababu gurudumu moja likishikwa kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa trekta hukata kona ambayo dereva hakuikusudia. Ndiyo maana kuna komeo dogo la chuma la kuunganisha pedali hizo ziwe moja. Komeo hufungwa kabla ya kutoka shambani na kufunguliwa baada ya kurudi.

Katika matrekta makuukuu si ajabu kukuta komeo limeliwa na kutu, au limepotea na nafasi yake imechukuliwa na kipande cha waya. Waya hautoshi. Hata komeo zima halisaidii ikiwa upande mmoja unashika mapema kuliko mwingine, kwa hiyo pedali zote mbili zinapaswa kuwa na uchezaji sawa. Fremu ya kinga dhidi ya kupinduka, ambayo Sweden iliilazimisha kwa matrekta mapya mwaka 1959, humwokoa dereva trekta likishapinduka, hasa akiwa amefunga mkanda. Kuzuia lisipinduke ni kazi ya breki na ya mwendo.

## Aina za breki za trekta

Breki za dramu ndizo za zamani zaidi kati ya zinazotumika sana. Breki shuu mbili zenye lainingi hupanuka na kuibana dramu kwa ndani. Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambalo bado linalima katika vijiji vingi, lina breki za aina hii. Ni rahisi kuzifungua na vipuri vyake havisumbui. Adui zake ni wawili: maji na oili. Katika mashamba ya mpunga kama Mwea na Mbarali, maji na tope huingia ndani ya dramu na breki hupoteza ukali mpaka zikauke. Dereva anayetoka majarubani hukanyaga pedali kidogokidogo akiwa bado kwenye mwendo mdogo ili joto lizikaushe. Oili ni mbaya zaidi. Oilsili ya ekseli ya nyuma ikichoka, oili ya difu huvuja hadi kwenye lainingi. Lainingi iliyonyonya oili haisafishiki kwa petroli, wala haifai kuchomwa moto kama mafundi wengine wanavyofanya. Hubadilishwa pamoja na oilsili, pande zote mbili.

Matrekta ya baadaye mengi yana diski zinazozunguka ndani ya oili. Hazisumbuliwi na tope, hupoa vizuri na hudumu. Ila oili hiyo kwa kawaida ndiyo inayolainisha giaboksi na difu na kuendesha haidroli, na imechanganywa viungo maalumu vya kuziwezesha diski kushika bila kukwama. Mwenye trekta akitia oili ya injini kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, breki huanza kulia na kutetemeka, kisha hushika kwa kuruka. Kwa kuwa diski hazionekani bila kufungua ekseli, uchakavu wake hujulikana kwa dalili: pedali kushuka zaidi kuliko zamani, na oili inayotoka ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua.

## Breki za tela

Tela jepesi linaweza kuwa na breki za kusukumwa: trekta likipunguza mwendo, tela linasogea mbele kwenye ndoano na msukumo huo huvuta waya au fimbo ya breki zake. Kwa mizigo ya mashambani hazitoshi.

Aina ya pili ni ya haidroli. Trekta lina vali inayopeleka oili kwenye silinda za tela kadiri dereva anavyokanyaga pedali, na ukubwa wa breki hufuata nguvu ya mguu. Baadhi ya wakulima, kwa kukosa vali hiyo, huunganisha hozi ya breki kwenye tundu la kawaida la haidroli na kuivuta kwa wenzo wa mkono. Mpango huo una kasoro kubwa. Wenzo hutoa oili yote au hautoi kabisa, kwa hiyo magurudumu hufungwa ghafla. Na dereva aliyeona ng'ombe barabarani hukanyaga pedali kwanza, mkono ukakumbuka baadaye. Mfumo wa hozi moja una kasoro nyingine: hozi ikipasuka au ikichomoka, tela linabaki bila breki. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, chini ya Kanuni Na. 167/2013, uliamua kuuondoa kwenye vyombo vipya na kutaka hozi mbili. Trekta la mtumba kutoka Ulaya linaweza kuja na mpango wowote kati ya hiyo miwili, na inafaa kujua ni upi kabla ya kuagiza tela.

Breki za upepo ni zilezile za malori. Hozi nyekundu hujaza hewa kwenye mtungi wa tela. Ya njano hupeleka amri ya pedali. Shinikizo la nyekundu likipotea, breki za tela hujifunga zenyewe, na huo ndio ubora wake mkubwa. Wakati wa kuunganisha, njano hutangulia na nyekundu hufuata. Wakati wa kuachanisha, nyekundu hutoka kwanza. Mtungi una kizibo cha kutoa maji yaliyotoneshwa na hewa iliyobanwa, na ukanda wa pwani wenye unyevu hukidai kifunguliwe mara kwa mara.

Matela mengi ya hapa kwetu hutengenezwa na mafundi wa mijini kwa ekseli kuukuu za malori. Ekseli hizo huja na dramu zake, na pengine breki shuu bado zimo ndani, lakini hakuna hozi iliyofika kwenye silinda. Kuzifufua ni kazi ya silinda, mabomba, hozi na vali, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya tela. Fundi ataifanya mteja akiidai.

## Kushuka mteremko

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Msafara wa tani 11 ukishuka kimo cha mita 100, joto linalopaswa kwenda mahali linatosha kuchemsha lita 30 za maji. Likibebwa lote na dramu mbili, lainingi hupata moto kupita kiasi na kuacha kushika, pedali ikiwa ngumu vilevile. Sehemu kubwa ya kazi hiyo lazima ifanywe na injini, kwa gia ndogo iliyochaguliwa juu ya mlima kabla gurudumu halijaanza kushuka. Katika giaboksi za zamani, gia ikishatolewa katikati ya mteremko hairudi. Kushuka kwa fri ili kuokoa dizeli, au kukanyaga klachi ili injini ipumue, ni kuitupa breki iliyo kubwa kuliko zote.

Matrekta ya Massey Ferguson yenye Multi-Power, yaani swichi ya kubadili kati ya mwendo wa juu na wa chini, yanahitaji tahadhari ya pekee: swichi ikiwa upande wa chini, injini haizuii magurudumu hata kidogo, na trekta hushuka kana kwamba halina gia. Swichi huwekwa upande wa juu, kisha dereva huchagua gia ndogo zaidi. Kwenye trekta linalovuta kwa magurudumu manne, kuunganisha ekseli ya mbele huyafanya magurudumu ya mbele nayo yasaidie kuzuia.

## Matunzo

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Kwenye ardhi tambarare na kavu, pedali zikiwa zimeunganishwa, dereva hukanyaga breki kwa mwendo mdogo na kutazama kama trekta linasimama limenyooka. Likivuta upande mmoja, marekebisho hayako sawa au kuna oili upande wa pili. Tela hupimwa peke yake: mtu mmoja hukanyaga, mwingine aliyesimama pembeni hutazama kama mikono ya silinda inasogea pande zote na kurudi.

Pedali inayozama laini ina hewa ndani ya mabomba, na hewa hiyo hutolewa kwa kukanyaga na kufungua niplo kwa zamu. Mafuta ya breki yana namna mbili zisizopatana. Baadhi ya matrekta hutumia mafuta ya breki ya magari, mengine hutumia oili ya madini. Kuchanganya moja na nyingine huvimbisha mipira ya masta silinda na kuiharibu yote. Kifuniko cha mtungi au kitabu cha trekta ndicho cha kuaminiwa, si rangi ya mafuta.

Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Dramu haipulizwi kwa kompresa wala kwa mdomo. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Sheria za barabarani za Tanzania (Sura ya 168) na Kenya (Sura ya 403) hudai chombo kiwe kizima kinapotumia barabara, na kituo cha CAMARTEC cha Arusha hufanya majaribio ya zana za kilimo. Lakini matrekta mengi huonana na fundi zaidi kuliko mkaguzi, na fundi huitwa yanapogoma kwenda.

## Kuegesha na kuwasha

Hendibreki ya trekta huchakaa bila kuonekana, kwa kuwa wengi hutegemea gia. Gia hushika kiasi kwenye giaboksi za kawaida. Matrekta yenye shatali ya haidroli hayashikwi na gia injini ikizimwa, maana klachi zake hufunguka shinikizo likiisha. Utaratibu salama ni kufunga hendibreki, kuweka gia zote katikati, kushusha zana chini, kuzima injini na kutoa ufunguo kabla ya kuteremka. Kwenye mteremko huongezwa kabari chini ya matairi, na tela huwekewa kabari zake kabla ya kuchomoa pini.

Trekta ambalo swichi yake imekufa huwashwa na wengi kwa bisibisi inayounganisha nguzo za stata, mtu akiwa amesimama mbele ya tairi kubwa la nyuma. Njia hiyo hukwepa swichi ya usalama inayozuia kuwasha likiwa na gia. Gia ikiwa imeingia na hendibreki haishiki, trekta huondoka papo hapo, na tairi la nyuma ndilo la kwanza kumfikia.