Kipimo cha Zamani, Mtandao Mpya

Leo historia kidogo. Nilishusha mita ya maji ndani ya shimo lenye mfuniko wa chuma, nikaiuliza AT+CSQ, ikajibu 0. Nikamwambia mteja, "Mzee, hapa hakuna mtandao." Kabla sijafungasha vyombo, data ya mita ikaingia kwenye seva!

Kosa langu lilianza zamani. Amri za AT zilitokana na modemu ya Hayes ya Marekani, mwaka 1981. GSM ikazirithi, ikaongeza CSQ: 0 ni dBm -113 au chini yake, 31 ni -51 au zaidi. Kwa simu, 0 ni kama hakuna kitu.

Mita yangu haikuwa simu. Ilitumia NB-IoT, mtandao wa vifaa vidogo vya betri ambao 3GPP ilikamilisha kanuni zake Juni 2016. Mkondo wake ni mwembamba, kHz 180 tu, na kifaa kinaweza kurudia ujumbe uleule hadi mara 128. Hivyo unavumilia upotevu wa desibeli 164, ilhali GPRS huishia 144. Tofauti hiyo ya 20 ni mawimbi hafifu mara 100.

Basi nikafurahi, nikaiacha. Baada ya miezi michache betri ikaisha, maana kila marudio yanakula umeme.

Siku hizi napima mfuniko ukiwa umefungwa, na nasoma pia daraja la marudio: 0, 1 au 2. Nikikuta 2, nahamisha antena. Swali si "mtandao upo?" tu, bali "unapatikana kwa gharama gani?"