Gari Moshi la Bububu Lililobaki Katika Picha

Kaeni vizuri, mfungue madaftari yenu. Leo twataka kuwaelezeni habari za gari moshi ambalo halipo tena.

Gari hilo lilikuwa Unguja. Njia yake ilianzia mjini, penye Ngome Kongwe, ikafika kijiji cha Bububu, mwendo wa maili 7, yaani kilomita 11 hivi. Waliolijenga walikuwa wafanya biashara wa Kimarekani, kampuni ya Arnold, Cheney ya New York, na safari zake zilianza mwaka 1905. Ukienda Ngomeni leo hulikuti tena. Tulicho nacho ni picha za zamani, na nyingi katika hizo zilipigwa ziuzwe kama kadi za posta kwa wageni.

Tazameni picha moja kwa akili. Njia ya reli yapita katikati ya barabara ya mji, baina ya nyumba. Mabehewa yana paa, lakini ubavuni yako wazi, hata abiria aliyekaa pembeni aweza kusalimiana na mtu aliyesimama mlangoni kwake. Sasa angalieni reli zenyewe. Mbona zimekaribiana? Baina ya reli na reli palikuwa na futi 3 tu, yaani milimita 914. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1917? La, si hiyo. Hiyo ni ya mwaka 2017, na upana wake ni milimita 1,435. Andikeni tarakimu hizo mbili, mtoe ndogo katika kubwa, mtaona tofauti.

Njia nyembamba ina faida zake. Gharama yake ni ndogo, mataruma yake ni mafupi, na gari laweza kukata kona kali. Katika mji kama ule, wenye njia za kubana, reli pana ingetaka nyumba zivunjwe.

Serikali ililinunua gari hilo mwaka 1911. Kisha zikaja motokaa, watu wakazipenda. Mwaka 1922 gari moshi likaacha kuchukua abiria, likabaki kubeba mawe ya ujenzi, na baada ya miaka michache likafungwa kabisa. Haikuwa mara ya kwanza mambo hayo kutokea Unguja. Sultani Barghash naye alikuwa na reli yake ndogo ya kwenda Chukwani tangu mwaka 1879. Alipofariki mwaka 1888, reli hiyo ikang'olewa. Chuma kina bei, basi ndiyo sababu hakikai.

Mahali pengine chuma kimesalia kwa kuwa watu walikiweka. Huko Nairobi pana makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo mna behewa ambalo simba aliingia usiku, kituo cha Kima, mwaka 1900, akamwua ofisa wa polisi aitwaye Ryall. Mna pia injini za mvuke zilizopewa majina ya milima. Injini za namna hiyo zilikuwa 34, zililetwa kutoka Uingereza mnamo mwaka 1955 na 1956, nazo zilikuwa kubwa ajabu, ingawa njia yake ilikuwa ya mita moja tu. Zimesalia 2, yaani Mlima Gelai na Mlima Shengena. Nyingine 32, atakaye kuziona na atafute picha.

Lakini picha bila maandishi haisemi yote. Wako watu wasemao ya kuwa jina la Bububu limetokana na mlio wa lile gari moshi. Ni hadithi tamu, nami napenda kuisikia. Lakini Bibi Salme, binti wa Sultani Said, alilitaja shamba la Bububu katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1886, miaka 19 kabla ya gari kuanza kwenda. Tusingekuwa na tarehe hizo mbili, nani angeweza kuikata hadithi hiyo?

Picha nyingi za reli hazina tarehe. Dereva amesimama kando ya injini yake, fundi ameshika spana, vibarua wamekaa juu ya makaa, wala hatujui hata jina la mmoja wao. Waliowajua wamekwisha kufa, na nyuma ya picha ni peupe.

Kazi ya wiki hii ni hii. Tafuteni nyumbani picha moja ya zamani, iwe ya reli, ya harusi, au ya mzee wenu kazini. Mwulizeni mkubwa wa nyumba ni nani hao, ni mahali gani, ni mwaka gani. Igeuzeni, mwandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Msitumie wino, maana hupenya ukaharibu sura. Asiyejua mwaka aandike jambo lililotokea wakati huo, kama vile mvua kubwa au kuzaliwa kwa mtoto fulani. Leteni maneno hayo darasani, kila mtu asome yake kwa sauti.