Kisu na Maji Katika Nchi ya Ugogo

Konea ni utando angavu ulio mbele ya mboni. Ukipata kovu, nuru huzuiwa. Mwaka 1905, katika mji wa Olomouc, tabibu Eduard Zirm alipandikiza konea ya mtu mmoja katika jicho la mwingine, na aliyekuwa kipofu akaona. Tangu hapo wengi wamedhani kwamba dawa ya konea iliyoharibika ni kuibadili.

Historia ya Kongwa, mashariki ya Dodoma, yafundisha jambo lingine. Huko adui wa konea alikuwa trakoma, yaani vikope. Maradhi haya huwapata watoto kwa njia ya mikono, nguo na nzi. Yakirudi mara nyingi, kope huingia makovu na kupinda ndani, na nywele zake hukwaruza jicho kila lipepeswapo. Hata konea mpya ingekwaruzwa vile vile. Kwa hiyo kisu huelekezwa kwenye kope, ili nywele zigeuzwe nje kabla nuru haijapotea.

Lakini kisu huja mwisho. Kinga huanza kwa uso safi. Watafiti waliofika Kongwa katika miaka ya 1980 waliwakuta akina mama wakiamini kwamba kuwanawisha watoto kwahitaji maji mengi, na maji yalikuwa mbali. Walipoonyeshwa, ilidhihirika kwamba machache yatosha. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1995 yalithibitisha kuwa kunawa uso, pamoja na dawa, kulipunguza trakoma kali.

Wanawake, walio karibu zaidi na watoto, ndio huumizwa zaidi na maradhi haya. Nao ndio wachota maji. Anayeandika habari za konea za Ugogo akimtaja tabibu peke yake, ameandika nusu ya historia.