Siri ya Nasaba

Wajerumani waliiteka Norway mwaka 1940, wakaitawala hadi 1945. Katika miaka hiyo baadhi ya wanawake wa nchi ile walipendana na askari wa adui, na watoto wapatao 10,000 au zaidi wakazaliwa. Vita vilipokwisha, mama wengi walikamatwa na kutukanwa; walioolewa na Wajerumani wakavuliwa uraia na kufukuzwa nchini. Kwa hofu na haya, nyumba nyingi zikaficha jina la baba. Watoto wakakua wakidhihakiwa kwa jambo wasilolijua. Serikali iliwaomba radhi wanawake hao mwaka 2018, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Ndugu msomaji, mtoto hachagui mzazi. Kumficha nasaba yake ni kumtwisha mzigo wa vita ambavyo hakupigana.