Fremu Zilizobeba Kisangani

Vita vilivyoanza 1998 nchini Kongo viliitenga Kisangani na Kinshasa. Meli zilizozoea safari ya kilomita zipatazo 1,700 kwenye mto Kongo zilisimama, petroli ikaadimika, na barabara ya Buta, iliyokwisha kuharibika siku nyingi, ikabaki ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Mawese, mchele, chumvi na sabuni vikasafiri kwa magurudumu mawili. Mjini, kutoka Makiso hadi Mangobo, abiria walipanda toleka, baiskeli ya chuma yenye mto wa sponji juu ya karia. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita humo humo mjini. Mapigano yalipokwisha, toleka zikarudi barabarani.

Umbo la toleka ni la Kiingereza. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham ililisambaza katika makoloni: usukani mpana, breki za fimbo, magurudumu ya inchi 28. Baadaye Wahindi na Wachina wakaliendeleza, Hero ya Ludhiana kuanzia 1956, Phoenix ya Shanghai pia.

Wapenda mbio wa Ulaya husifu Reynolds 531, chuma cha 1935 chenye manganizi na molibdeni, ambacho kuta za mabomba yake huwa nyembamba katikati ili kupunguza uzito. Ni fremu nzuri kweli, lakini si ya gunia la mpunga kwenye tope. Fundi wa kando ya njia akiipiga moto wa kulehemu, bomba hilo jembamba hudhoofika. Chuma cha kawaida cha toleka ni kinene na kizito, ila kikikatika huungwa popote penye mtungi wa gesi. Huo ndio ubora uliohitajika Kisangani.

Baiskeli ya mtumba huchunguzwa hivi. Uzi hufungwa penye tundu la ekseli ya nyuma, huzungushwa bomba la usukani na kurudishwa upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti ikitofautiana kushoto na kulia, fremu imepinda. Kisha kidole hupitishwa chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani kuelekea pedali, karibu na usukani. Rangi iliyojikunja hapo ni alama ya kugonga kitu kwa nguvu, hata kama uma umebadilishwa. Ufa mwembamba kwenye kiungo ni mbaya kuliko kutu ya juu juu.

Pikipiki za Kichina zimewachukua abiria wengi wa mjini. Mkaa na mawese ya vijijini bado huja kwa baiskeli, nyingine zikiwa na chuma cha ziada kilicholehemiwa chini ya karia.